Kisu Kilichokataa Mkono Wangu

Juzi nilikuwa dukani Bujumbura, namtafutia mwanangu kisu cha kwenda nacho kambini. Shule yao inawapeleka msituni Kigwena, walale kwenye hema, wajifunze kuwasha moto na kupika, na kila mmoja ameambiwa aje na kisu chake. Muuzaji, kijana mchangamfu, alinipangia visu mezani kimoja baada ya kingine, kwa uangalifu wa sonara. Kimoja mgongo wake ulinyooka hadi karibu na ncha, kisha ukainama taratibu, kama mtu anayeinamisha kichwa kupita mlango mfupi. Kingine kilikuwa na tumbo kubwa na ncha iliyopinda juu, cha kuchunia ngozi. Cha tatu ncha yake haikuchongoka. Ilikatwa mshazari, kwa pembe kali, mfano wa patasi. "Hii iko ya Kijapani, mama," akaniambia kwa fahari. "Wapiganaji wao wa zamani walibeba ya namna hii hii."

Nilikichukua, nikakiinua hadi usawa wa jicho, nikayatazama makali kwa mbele kama nilivyozoea. Pande zote mbili ziliteremka sawasawa. Kilikuwa kisu kizuri, kigumu, cha kuaminika, lakini Ujapani wake uliishia kwenye ncha. Halafu nikakinusa. Wateja wengine walinitazama, na sikujali. Chuma kilikuwa kimepakwa mafuta kisishike kutu, na harufu ile ikanitoa pale dukani ikanipeleka uani kwetu Rumonge, ambako chuma kilipakwa mawese, na ambako mimi, msichana wa mkono wa kushoto, nilipigana vita yangu ya kwanza.

Nyumba yetu ilikuwa karibu na mwalo, mahali mitumbwi inapoegeshwa asubuhi. Ukisimama uani ulisikia wanawake wakigombania ndagala, dagaa wa ziwani, kabla jua halijapanda vizuri, na upepo ukitoka ziwani ulileta harufu ya samaki, ukitoka milimani ulileta moshi wa mitambo ya kukamulia mawese. Baba alifanya biashara Uvira, akija na kuondoka. Nyumba hasa ilikuwa ya Bibi, mama yake Mama, mwanamke mwembamba aliyenyooka, ambaye hakuwahi kupandisha sauti kwa sababu hakuwahi kuhitaji. Mama alikuwa mpishi wa harusi. Hakuna ndoa ya Waislamu wa Rumonge iliyofanyika miaka ile bila mkono wake kupita kwenye sufuria.

Na mkono ndio ulikuwa taabu yangu. Nilizaliwa wa kushoto. Nilichora kwa kushoto, nilirusha mawe kwa kushoto, na nisipoangaliwa nilikula ugali kwa kushoto. Bibi hakunichapa. Alichana kipande cha kitenge kikuukuu, na kila tulipoketi kula alinifunga kifundo cha mkono wa kushoto kiunoni, taratibu, kama anayemfunga mtoto nepi, kisha akaninawisha ule mwingine. Alikuwa na hoja yake, na hoja yenyewe ilikuwa imelala ndani ya lugha. Mkono wa kulia, alinifundisha, umeitwa hivyo kwa sababu ndio wa kulia chakula. Huo wa pili ungekuwa wa chakula, wazee wangeupa jina la chakula. Nilikua nikiamini kwamba mkono wangu wa kushoto ni mgeni asiyealikwa, aliyeingia mwilini mwangu kwa bahati mbaya, na kwamba siku moja ataondoka.

Chumba cha mbele tulimpangisha mwanamume kutoka Japani aliyekuja kuchunguza samaki wa Ziwa Tanganyika. Tulimwita Bwana Kenji. Watoto wa kartiye, mtaani kwetu, walimkimbilia wakiimba "Mushinwa! Mushinwa!" naye alisimama, akachuchumaa mbele yao, akasema kwa Kiswahili cha polepole kwamba yeye si Mchina, ni Mjapani, halafu akawapa salamu ya amahoro mmoja mmoja. Mchana alikuwa majini na miwani yake ya kuzamia. Jioni alikaa kwenye kibaraza na kufanya jambo lililozungumzwa kartiye nzima: alichukua kuhe mbichi, akamkata vipande vyembamba, akavila bila kuvionyesha moto. Wengine walikuja kuangalia mtu anayekula samaki mbichi. Mimi nilikuja kuangalia kisu.

Kilikuwa kirefu na chembamba, kama jani moja lililochomolewa kwenye kuti la mchikichi. Hakukisukuma. Alikiweka juu ya nyama karibu na mpini, akakivuta kuelekea kwake mara moja tu, na kipande kikalala ubavu bila kujua kwamba kimekatwa. Alikuwa na kingine kifupi, kipana, chenye mgongo mnene, cha kutenganisha kichwa na kupasua mwili. Alipomaliza aliviosha, akavikausha kwa kitambaa, akavipaka mafuta, akavifunga. Visu vyetu vililala ndani ya beseni la vyombo. Vyake vililala kama wagonjwa wa maana.

Siku aliyorudi kwao alimwachia Mama vile visu vyote viwili, kwa sababu Mama ndiye aliyempikia alipougua malaria. Mafuta yake yalipokwisha, Mama akatumia mawese, na kuanzia hapo harufu ya chuma na mawese ikawa harufu ya vitu vizuri vya nyumba yetu.

Havikupokewa vizuri na kila mtu. Mdogo wake Mama, Mjomba Ramadhani, alifanya kazi ya kutembeza wageni katika msitu wa Kigwena, na mgeni mmoja alikuwa amempa kisu cha porini, cha kisasa, chenye mpini wa mpira, ala ya plastiki ngumu, mgongo mnene kama kidole changu na meno ya msumeno karibu na mpini. Mjomba hakukivua kiunoni hata akienda msikitini, mpaka Bibi alipomkataza. Kwa kisu kile alipasua kuni kwa kukipiga mgongoni na gogo, alikata mashina ya makuti, alifungua makopo. Akija kwetu alikitoa na kukiweka kando ya visu vya Bwana Kenji, na ubishi ukaanza. Mjomba alisema hajawahi kuona chuma chenye maringo kama kile cha Mjapani, kinachoota kutu kwa kupuliziwa pumzi, kinachobadilika rangi kwa tone la ndimu, na kinachoogopa mfupa. Mama alimjibu kwamba kisu cha porini kinakata samaki kama shoka linavyokata sabuni. Wote wawili walikuwa na haki, nimekuja kujua baadaye. Kisu cha porini kimetengenezwa kwa ajili ya mtu asiyejua kesho atakutana na nini, kwa hiyo kinajua kila kazi kidogo. Vile vya Bwana Kenji vilijua kazi moja tu, na waliovitengeneza walitaka vijue hiyo moja.

Mimi nilikuwa upande wa Mama. Nilitaka kukata kama Bwana Kenji zaidi ya nilivyotaka kitu chochote. Siku moja Mama akanipa samaki mukeke, akanipa kile kirefu, akaniacha. Nilikishika kwa mkono ulionijia wenyewe. Nikakiingiza kando ya uti wa mgongo, nikavuta. Kisu kikapanda. Badala ya kuteleza juu ya miiba kilikimbilia juu, ndani ya nyama, kikaacha mnofu mzima umeganda kwenye mifupa. Nikajaribu upande wa pili, kikapanda tena. Nikakata vipande, kila kipande kikaanza kinene na kuisha chembamba kama kabari. Bibi alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakunigombeza. Alisema kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyoniuma.

"Umeona, mjukuu wangu? Hata kisu kinajua."

Nililala na maneno yale. Na kwa akili yangu ya utoto nilifikia uamuzi ambao ulieleza kila kitu: kile kisu kilikuwa Mwislamu. Bwana Kenji mwenyewe sikuwahi kumwona akisali, lakini kisu chake kilijua adabu za mkono kuliko mimi. Basi nikaanza kukitendea kama Mwislamu mwenzangu. Nilikitolea salamu kabla ya kukigusa. Nilitawadha, nikasema bismillahi kwa sauti, nikakata tena kwa kushoto, nikidhani kitanionea huruma. Kikapanda vilevile. Nikahamia mkono wa kulia, na mkono wa kulia, ambao haukuwahi kufundishwa kitu zaidi ya kubeba tonge, ukanikata dole gumba. Kovu ninalo hadi leo.

Siku Mjomba alipolala mchana nilichukua kisu chake cha porini, nikaenda nacho nyuma ya nyumba na mukeke mwingine. Kilinitii. Kwenda kushoto, kwenda kulia, hakikuuliza mkono. Lakini kilikuwa kinene. Kilisukuma nyama badala ya kuikata, na mukeke akatoka amechanika, kama ametafunwa na mbwa. Nilikaa chini pale nikalia. Niliona dunia imepangwa hivyo: kisu kizuri hakinitaki, kinachonitaka si kizuri.

Wakati huo nyumba ilikuwa imeingia katika maandalizi. Mdogo wa mwisho wa Mama na Mjomba, Mama mdogo Zuena, alikuwa ameposwa na kijana wa Buyenzi, kule Bujumbura, na nguo zake zilijaribiwa mbele ya kioo kirefu cha kabati chumbani kwa Bibi. Jioni moja nilitumwa kupaka visu mafuta. Nikapita chumbani kumtazama bi harusi, kile kirefu kikiwa mkononi mwangu wa kulia, kwa sababu wa kushoto ulikuwa umeshika kikopo cha mawese. Nikatazama kwenye kioo. Zuena alikuwa anazungusha sketi. Nyuma yake alisimama msichana ameshika kisu kwa mkono wa kushoto.

Sikuelewa mara moja kilichonishtua. Nikasogea. Nikakiinua kisu hadi jichoni, naye akakiinua. Kisu changu, nilichokishika mimi, upande wake wa kushoto ulikuwa bapa kama ubao, hata ulibonyea kidogo katikati, na mteremko wote wa makali ulikuwa upande wa kulia. Mwezi mzima nimekishika, nimekiosha, nimekisalimia, sijaona kwamba kina shavu upande mmoja tu. Kisu cha yule msichana wa ndani ya kioo mteremko wake ulikuwa kushoto. Bapa lake, akilishika vile, lingekaa juu ya miiba. Mteremko wake ungesukuma nyama juu, siyo kisu.

Nikamwambia Zuena kwamba yule ana kisu changu. Zuena akanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Mama ndiye aliyenielewa. Nilimwita uani, nikamwonyesha makali kwa mbele, naye akakigeuzageuza, mwanamke aliyekata samaki kwa kisu kile harusi baada ya harusi. Akamchukua mukeke, akajaribu kwa mkono wake wa kushoto. Kisu kikampandia na yeye. Alicheka kidogo, akasema hiyo bado haijathibitisha kitu, kwa sababu Bibi atasema kimekataa kushoto kwake pia. Ili tujue, alisema, lazima tupate kisu kama cha yule wa kwenye kioo. Kikikataa mkono wa kulia, basi si dini. Ni umbo.

Kesho yake alinipeleka Kizuka, kwa Fundi Melkiori, mhunzi aliyetengeneza visu vya kukatia mikungu ya michikichi kutoka resori za malori ya zamani. Alikuwa amerudi kutoka Tanzania pamoja na watu waliokaa ukimbizini muda mrefu, na Kiswahili chake kilinyooka kama cha redio hata tukaona aibu kufungua midomo. Alisikiliza, akakitazama kisu cha Bwana Kenji, akakipenda chuma chake, kisha akakataa. Alimwambia Mama kwamba kisu chenye shavu moja ni kisu kilichoharibika. Watu wangeona alama yake juu ya kitu kama hicho wangeuliza alianza lini kunywa kazini.

Mama hakumbishia. Alinigeukia tu. Nikajikuta natakiwa kusema, mbele ya mwanamume mkubwa na moto wake. Nikaomba papai bichi lililokuwa limeanguka kando ya karakana. Nikamwomba akate kwa kisu chake mwenyewe, kisha kwa kile cha Bwana Kenji. Cha kwake kilipasua papai. Kipande kilikwama kwenye bapa, akakibandua kwa kidole. Kile kingine kipande kilianguka chenyewe, kikang'aa kama kimelowekwa maji. Alikata tena. Akakata mpaka papai likaisha. Ndipo akasema tuje Ijumaa.

Ijumaa tulikuta amefanya kosa. Alikuwa amefua kisu kizuri, chembamba, kirefu, lakini mteremko ulikuwa upande uleule wa kulia. Akaeleza kwamba kila alipokigeuza kukinoa, kushoto na kulia vilibadilishana mahali, na mwisho alifuata macho yake. Akaanza upya, na upya ukaelekea kuharibika mbele yetu, kwani mkono wake ulirudi palepale kwenye mazoea. Nikakumbuka. Mama mdogo Zuena alikuwa amempa Mama kioo chake kidogo cha mkononi apeleke kubadilishiwa fremu. Nikakitoa kwenye kikapu, nikakiegemeza ukutani, nikaweka kisu cha Bwana Kenji mbele yake.

"Usitazame kisu, Fundi," nikamwambia. "Tazama kioo. Tengeneza kilichomo."

Alinitazama, akatazama kioo, na uso wake ukabadilika. Alifanya kazi yote iliyobaki akiwa amekikazia macho kioo kile, kama mwanamke anayejipaka wanja, na hakukosea tena. Alipomaliza kukinoa akakijaribu yeye kwanza, kwa kulia, kwenye mukeke tuliyekuja naye. Kisu kikapanda. Kikaacha nyama kwenye mfupa. Mama akakichukua, kwa kulia, mkono uliopika harusi zote za Rumonge. Kikampandia. Kisha wakanipa mimi.

Nilivuta, na kisu kikalala juu ya miiba na kwenda. Nilisikia mwiba mmoja mmoja ukigonga chini yake, tik tik tik, mpaka mkiani. Mnofu ukafunguka kama ukurasa. Sikupiga kelele. Nilihisi tu kwamba yule mgeni asiyealikwa, aliyekaa mwilini mwangu miaka yote akisubiri kufukuzwa, ameketi, amekaribishwa, amepewa maji. Fundi Melkiori alipiga alama yake karibu na mpini bila kuulizwa. Mama alimlipa kwa ndagala wakavu, tukashuka kwenda nyumbani, na njia nzima aliniachia nikibebe.

Bibi hakuambiwa. Mama alisema atajua siku ya kujua. Nilifanya mazoezi ufukweni, nyuma ya mitumbwi iliyopinduliwa, kwa kila samaki mdogo niliyepewa na wavuvi, mpaka paka wa mwalo walianza kunifuata kama wanafunzi.

Siku ya harusi ilifika na mambo mawili. La kwanza, wavuvi rafiki wa Mjomba walileta sangala ambaye wazee walisema hawajaona mwenzake karibuni, amebebwa na wanaume wawili kwenye mti, tumbo lake jeupe likiburuzika kwenye majani. La pili, Mama alikuwa ameteleza mwaloni siku iliyotangulia, na kifundo chake cha mkono wa kulia kilikuwa kimevimba hadi hawezi kushika mwiko. Shangazi za bwana harusi kutoka Buyenzi walikuwa njiani. Walijulikana kwa mambo mawili pia, kula samaki na kusema watu. Yule sangala alikuwa wa meza yao.

Wanawake waliokuwa jikoni walitazamana. Hakuna aliyetaka kumharibu samaki wa vile. Mjomba Ramadhani akajitokeza, akachomoa kisu chake cha porini, na lazima niseme ukweli: kichwa alikitoa kwa ustadi. Aliweka makali kwenye kiungo, akapiga mgongo wa kisu kwa gogo, na mfupa ambao ungevunja kisu cha Bwana Kenji ukakatika kama muwa. Tukampigia makofi. Kisha akageukia ubavu. Kisu kile kinene kikaingia kama kabari, kikasukuma, kikachana. Nyama ilitoka vipandevipande, yale meno karibu na mpini yakivuta nyuzi nyuzi. Alipomaliza upande mmoja, kilichokuwa kwenye sinia hakikuwa mnofu, kilikuwa mabaki. Mjomba akafuta jasho. Mama akasema kwa upole kwamba hiyo itaingia kwenye mchuzi.

Ulibaki upande mmoja. Barabarani tukaanza kusikia honi za magari ya Buyenzi.

"Mama," nikasema, "niachie mimi."

Mama alinitazama, akatazama mlangoni. Bibi alikuwa amesimama pale, amevaa kitenge chake kipya. Nilimwona, na nilijua nikichukua kisu changu atakiona kwa mkono gani. Mama akaenda kwenye gunia la makaa, akatoa kifurushi, akanipa. Nikakifungua. Nikakishika kwa kushoto, mbele ya jiko zima. Mwanamke mmoja alianza kusema huyu mutoto anafanya nini. Bibi akainua kiganja, yule mwanamke akanyamaza. Sikujua kiganja kile kilikuwa cha kunizuia mimi au yeye, na sikusubiri kujua.

Nikasema bismillahi. Nikaingiza ncha nyuma ya shingo, nikavuta. Sangala si mukeke. Miiba yake ilikuwa minene kama vijiti vya kibiriti, na nililazimika kutembea kando ya meza nikivuta, hatua kwa hatua, bapa limelala, mkono wangu wa kulia ukiinua mnofu taratibu nao ukifunguka, mpana, wa rangi ya waridi, mzima. Kisu hakikupanda hata mara moja. Nilipofika mkiani mnofu ulikaa kwenye mikono yangu yote miwili kama mtoto aliyelala. Nikauweka ubaoni, nikauvua ngozi, nikaanza kukata vipande, kuvuta na kuacha, kuvuta na kuacha, kila kimoja kikilala ubavu chenyewe, unene mmoja.

Bibi alikuja mezani. Hakutazama vipande. Alichukua kiunzi cha samaki, upande niliokata mimi, akakiinua juu kwenye mwanga, akapitisha kidole kwenye miiba akitafuta nyama iliyobaki. Hakupata. Akakiweka chini, akanawa vidole.

"Kula, utakula kwa wa kulia," akasema. "Kukata, hakuna aliyeniuliza."

Halafu akawageukia wanawake na kuwauliza mafuta yako wapi, wageni wako mlangoni.

Samaki alikwenda kwenye meza ya shangazi za Buyenzi. Tulichungulia kwa dirisha la jikoni, mimi, Mama na Mjomba aliyekuwa amekwisha kujisamehe. Walikula bila kusema watu. Mwishowe mkubwa wao, mwanamke mnene mwenye dhahabu, akauliza Rumonge wamempata wapi mtu wa kukata hivi, kwa maana Buyenzi hawana. Nilimwona Bibi akisimama. Alivuka chumba kizima, akaja jikoni, akanishika mkono, na mkono alioushika ulikuwa ule aliokuwa akiufunga kitenge. Akaniingiza nao sebuleni, bado unanuka samaki, akauinua mbele ya watu. Akasema huyu ni mjukuu wake. Vigelegele vilivyopigwa pale vilikuwa vya bi harusi kwa haki, lakini nilijichukulia fungu langu, na Zuena hakuninyima.

Asubuhi iliyofuata nilichelewa kuamka. Nilipotoka uani, sufuria za harusi zilikuwa bado zimelowekwa, na Bibi alikuwa ameshaketi kwenye kigoda mbele ya ubao, sinia limefunikwa mbele yake. Akafunua. Walikuwa kuhe wabichi, amewafuata mwenyewe mwaloni alfajiri, yeye ambaye miaka mingi alituma watu. Kisu changu kilikuwa kando yao, kimeoshwa, kimepakwa mawese.

"Hawa ni wangu," akasema. "Kata."

Akasogeza kigoda chake, akaketi upande wangu wa kushoto, ili aone vizuri.